Jibu Linapokuwa Utunzi: Hadhira katika Historia ya Sanaa ya Kiswahili, kutoka Pakawa hadi Malya

Ikisiri

Mijadala ya kitaaluma kuhusu sanaa inayoialika hadhira kushiriki katika kuiumba huanzia mara nyingi katika Marekani ya mwishoni mwa miaka ya 1950 na katika maandishi ya Augusto Boal ya miaka ya 1970. Makala hii inachunguza historia nyingine, ile ya mazingira ya Kiswahili na ya jirani zake, kwa kutumia ushahidi wa lugha yenyewe: kaida za ufunguzi wa ngano na vitendawili, mashairi ya kujibizana, nafsi ya pili katika nyimbo za taarab, na uundaji wa maigizo ya kijamii huko Kamĩrĩĩthũ na Malya. Inadaiwa kwamba kiini cha ushiriki katika sanaa hizi ni jibu, na kwamba jibu hilo lilikuwa sehemu ya utunzi hadi uchapishaji na uhariri ulipoliweka kando. Makala inaonesha pia kwamba ushiriki haukuwa huru kila wakati, kisha inapendekeza hatua katika unukuzi na uhariri wa matini.

Istilahi Muhimu: hadhira, jibu, kujibizana, taarab, ukumbi wa maonyesho wa jamii

1.0 Utangulizi

Makala hii ina chanzo chake katika kosa. Mwandishi alipokuwa mwanafunzi wa uzamili, alirekodi ngano katika kijiji kimoja cha pwani kwa kutumia kanda chache alizokuwa nazo. Mtambaji alikuwa bibi mmoja. Waliomzunguka walikuwa wajukuu, majirani, na wavuvi wawili waliokuwa wakipumzika. Wakati wa unukuzi, mwandishi aliyaandika maneno ya bibi kwa uangalifu mkubwa na kuziondoa sauti za wengine, kwa kuwa alizihesabu kuwa kelele. Kwa uhaba wa kanda, aliirekodi juu yake kazi nyingine. Miaka mingi baadaye, alipoyarejea maandishi hayo, aligundua kwamba katika sehemu tatu ngano inageuka ghafla bila sababu inayoonekana. Mhusika aliyekuwa akienda mtoni anajikuta sokoni. Mzee aliyekuwa mkali anakuwa mpole. Hapana shaka kwamba kuna mtu aliuliza, alipinga au alidakia, naye bibi akamjibu kwa kuigeuza ngano. Jibu la bibi limebaki, ila lile lililolizaa limefutika na halirejesheki.

Kosa hilo halikuwa la mwanafunzi mmoja tu. Ni sehemu ya mazoea marefu ya taaluma yetu, ambayo hufundisha kwamba fasihi simulizi ina fanani na hadhira, halafu humhesabu fanani kuwa mtunzi na hadhira kuwa mazingira. Inapofika zamu ya kuzungumzia sanaa shirikishi, wanafunzi wetu huelekezwa kwa Allan Kaprow na maonyesho yake ya New York ya mwaka 1959, au kwa Augusto Boal, ambaye kitabu chake kuhusu ukumbi wa wanaokandamizwa kilitoka mwaka 1974. Waandishi hao wana nafasi yao. Hata hivyo, wao walikuwa wakiubomoa ukuta uliokwisha kujengwa baina ya jukwaa na viti. Swali la makala hii ni tofauti: katika mazingira ambamo ukuta huo haukuwapo tangu awali, hadhira ilikuwa ikifanya kazi gani, na ni lini tulianza kutoiona?

2.0 Anayeanza ni Nani? Ushahidi wa Kaida za Ufunguzi

Mtambaji husema: Paukwa! Hadhira hujibu: Pakawa! Kaida hii imefundishwa shuleni kiasi kwamba hatuitazami tena. Tukiitazama kisarufi, hata hivyo, inatushangaza. Neno la mtambaji, paukwa, halichanganuliki kwa wepesi katika sarufi ya Kiswahili cha leo. Neno la hadhira, kinyume chake, ni wazi kabisa: pa- ya mahali, -ka- ya mfululizo wa matukio, na kitenzi -wa. Maana yake ni kwamba mahali fulani kukawa na jambo. Kiambishi -ka- ndicho uti wa mgongo wa usimulizi wa Kiswahili; ndicho kinachofunga tukio kwa tukio hadi mwisho wa ngano. Kwa hiyo kitenzi cha kwanza cha kisimulizi kinachoeleweka kinatamkwa na wasikilizaji.

Mtu anaweza kupinga kwamba kaida kama hii imeganda, na kwamba watu huitamka bila kuichanganua. Pingamizi hilo ni la haki kwa neno moja, lakini linadhoofika tunapoongeza kaida nyingine. Mtambaji akisema, Hadithi! Hadithi!, wasikilizaji hujibu, Hadithi njoo. Hapa ni wao wanaoiita hadithi, kwa kitenzi cha kuamuru. Mtegaji akisema, Kitendawili!, wenzake humjibu, Tega. Bila amri hiyo hana ruhusa ya kuendelea. Wakishindwa kufumbua, mtegaji hudai apewe mji. Hutajiwa mji, na akiukubali ndipo anapotoa jibu. Katika mifano yote mitatu, sarufi ya mwito iko kwa fanani, ila sarufi ya idhini iko kwa hadhira. Kitendawili kisichojibiwa wala kulipiwa mji hakijakamilika kama tendo la sanaa.

Ushahidi wa kihistoria unaafikiana na huu wa kisarufi. Mwaka 1870 Edward Steere alichapisha London mkusanyiko wa ngano za Unguja, Swahili Tales. Katika dibaji yake alitaja kwamba ngano za watu wa kawaida huwa na kipande cha kuimbwa ambacho wote hukiitikia, na kwamba mara nyingi mifupa ya ngano huwa ni vipande hivyo vya wimbo, huku mtambaji akiviunganisha kwa maelezo anayoyabuni papo hapo. Kauli hiyo ina uzito kuliko ilivyozoeleka kupewa. Kwa mujibu wake, sehemu iliyokuwa imara, ambayo watu wote waliijua, ilikuwa ile ya wote. Sehemu iliyobadilika ilikuwa ya mtambaji. Kitabu kilichochapwa kiliugeuza mpangilio huo juu chini. Maelezo ya kubuni papo hapo yakawa matini, na kiitikio kikawa pambo. Steere aliliona jambo lenyewe akaliandika. Ni ukurasa uliochapwa ndio uliokosa mahali pa kuliweka.

3.0 Kujibizana: Kutoka Barazani hadi Gazetini

Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyeishi takriban kati ya mwaka 1776 na 1840, hutajwa kuwa mshairi aliyeutoa ushairi msikitini na kuupeleka sokoni. Usemi huo unasisitiza mada: mapenzi, njaa, siasa za Mombasa na uhasama wake na Lamu. Hausisitizi vya kutosha umbo la mawasiliano. Sehemu kubwa ya ushairi wa aina hiyo ulikuwa ni jibu au dai la jibu. Mshairi alifumba, mwingine akafumbua. Upande mmoja ulitamba, wa pili ukarudisha.

Mashairi hayo yametufikia kwa sababu wasikilizaji waliyabeba. Katika miaka ya 1880 W. E. Taylor aliyakusanya akisaidiwa na Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, miongo kadhaa baada ya Muyaka kufariki. Mwaka 1940 W. Hichens alichapisha Diwani ya Muyaka huko Johannesburg, na mwaka 1979 Mohamed Abdulaziz akatoa uchunguzi wake mpana ulioyarudisha mashairi katika historia yake. Tuna deni kubwa kwa kazi hizi. Hata hivyo, diwani ni umbo lenye masharti yake. Kitabu kinachobeba jina la mtunzi mmoja humfanya mjibizani wake awe maelezo ya pembeni, hata pale mhariri anapomheshimu. Msomaji hujifunza kuuliza Muyaka alimaanisha nini, kabla ya kuuliza alikuwa akimjibu nani.

Ni gazeti, wala si kitabu, lililoupa ujibizanaji makazi mapya. Mambo Leo, lililoanzishwa na serikali ya kikoloni ya Tanganyika mwaka 1923 chini ya Idara ya Elimu, lilitoa nafasi kwa mashairi ya wasomaji. Humo mwalimu, karani na mfanyabiashara mdogo waliweza kusoma shairi la mtu aliye mamia ya maili kutoka kwao na kulijibu katika toleo la baadaye. Shaaban Robert ni miongoni mwa waliochapisha humo. Taratibu za kujibu zilikuwa za kilugha. Kwa kawaida mwenye kujibu alifuata mizani ya shairi alilolijibu, mara nyingi pia vina vyake, na pengine alikichukua kibwagizo na kukigeuza maana. Ufuasi huo wa umbo ulikuwa hoja yenyewe: aliyeshindwa kuvishika vina vya mpinzani alikuwa ameshindwa mjadala kabla hata hoja zake hazijapimwa. Amri Abedi alipoziandika sheria za kutunga mashairi katika kitabu chake cha mwaka 1954, alikuwa pia akiwahudumia wasomaji ambao walikuwa watunzi tayari.

Tukiuliza mtunzi wa mfululizo kama huo ni nani, jibu la haki ni kwamba ni wengi, na kwamba hakuna hata mmoja wao aliyejua mwanzoni utaishia wapi. Lakini ni lazima tuongeze kwamba palikuwa na mlinzi wa mlango. Mhariri wa gazeti la serikali ndiye aliyeamua jibu lipi litoke na lipi libaki mezani. Si ajabu kwamba kumwomba mhariri nafasi katika ubeti wa kwanza ukawa mtindo uliozoeleka kabisa katika ushairi wa magazetini. Ombi lile lilikuwa adabu. Lilikuwa pia kumbukumbu ya nani alikuwa na mamlaka juu ya mazungumzo.

4.0 Taarab: Nafsi ya Pili Iliyoachwa Wazi

Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba, Unguja, yapata mwaka 1880 na kufariki mwaka 1950, alisafiri na wenzake kwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri. Santuri zile ziliieneza sauti yake Afrika Mashariki nzima. Laura Fair (1998, 2001), aliyezungumza na wazee wa Zanzibar kuhusu nyimbo hizo, ameonesha kwamba maana yake haikuweza kupatikana katika santuri peke yake. Nyingi zilihusu mambo yaliyotokea Ng'ambo, hukumu za mahakamani na visa vya watu waliojulikana mitaani. Wasikilizaji waliujua mkasa. Wimbo uliudokeza tu.

Hapa isimu ina la kusema. Wimbo wa taarab hutumia sana nafsi ya pili: wewe, unayefanya haya, utakayejuta. Kwa kawaida kiwakilishi cha nafsi ya pili hupata rejeleo lake kutokana na muktadha wa uzungumzaji, kwa kuwa anayeambiwa yupo. Katika taarab muktadha huo umeachwa wazi kwa makusudi. Mwimbaji humwambia mtu ambaye hakutajwa, mbele ya ukumbi uliojaa watu. Ndipo anaponyanyuka msikilizaji mmoja, akacheza polepole kuelekea jukwaani akiwa na noti mkononi, na kumtunza mwimbaji wakati wa ubeti fulani, pengine akimtupia jicho mtu aliyeketi upande wa pili. Kwa tendo hilo amejaza nafasi iliyokuwa wazi. Tangu hapo ukumbi mzima unajua wewe ni nani. Kelly Askew (2002), aliyetafiti Tanga, ameonesha jinsi kutunza kunavyoweza kuwa usemi kamili wa ugomvi.

Utunzi huu una faida moja kubwa kwa wote wanaohusika: kila mmoja anaweza kuukana. Mshairi atasema hakumtaja mtu, mwimbaji kwamba aliimba alichopewa, na mtunzaji kwamba aliupenda muziki tu. Maana ipo, imeumiza, wala haina mwenyewe. Kwa wanawake ambao jamii iliwanyima nafasi ya kugombana hadharani, fursa hiyo haikuwa ndogo. Tusisahau, hata hivyo, kwamba tuzo ni fedha. Asiye na noti ana masikio, ila hana kalamu ya kuujaza ubeti.

5.0 Kamĩrĩĩthũ na Malya: Hadhira Inapoushika Mswada

Mfano wa nne unatutoa katika Kiswahili kwa muda. Mwaka 1976 wanakijiji wa Kamĩrĩĩthũ, karibu na Limuru nchini Kenya, waliingia katika kazi ya elimu ya watu wazima na utamaduni iliyowashirikisha Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Waandishi hao wawili waliandika rasimu ya tamthilia kwa Kikuyu, Ngaahika Ndeenda, ambayo baadaye ilitafsiriwa kwa Kiswahili kwa jina la Nitaolewa Nikipenda. Ngũgĩ wa Thiong'o ameeleza katika kitabu chake cha mwaka 1986, Decolonising the Mind, jinsi rasimu hiyo ilivyosomwa mbele ya watu na kusahihishwa. Wazee walikosoa usemi usiolingana na umri wa mhusika. Wafanyakazi wa viwandani na mashambani waliongeza undani wa maisha yao. Nyimbo zililetwa na waliozijua. Mazoezi yalifanyika mahali pa wazi, na watazamaji walichangia. Ukumbi usio na paa, wenye nafasi ya watu zaidi ya 2,000, ulijengwa na wanakijiji wenyewe.

Maonyesho yalianza tarehe 2 Oktoba 1977. Katikati ya Novemba serikali iliondoa kibali chake. Mwishoni mwa Desemba Ngũgĩ wa Thiong'o alikamatwa na kuwekwa kizuizini bila mashtaka kwa takriban mwaka mmoja. Mwezi Machi 1982 ukumbi ulibomolewa na askari. Mfuatano huu unatufundisha jambo kuhusu mada yetu. Ngũgĩ alikuwa amekwisha kuandika riwaya za Kiingereza zilizoukosoa utawala kwa ukali, na Petals of Blood ilitoka mwaka huohuo wa 1977 bila yeye kukamatwa kwa sababu yake. Kilichoiogopesha dola, kwa hiyo, hakielekei kuwa maudhui peke yake. Tamthilia ilikuwa imeandikwa kwa lugha ya watazamaji wake, nao walikuwa wameizoea kazi ya kuisahihisha. Mtu aliyezoea kusahihisha mswada wa msomi anaweza kuanza kusahihisha mambo mengine.

Nchini Tanzania njia ilikuwa tofauti. Kati ya mwaka 1982 na 1983, wasanii na wahadhiri wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, miongoni mwao Penina Mlama na Amandina Lihamba, waliendesha mradi wa ukumbi wa maonyesho wa jamii huko Malya, Wilaya ya Kwimba, mkoani Mwanza. Mlama (1991) ameifafanua mbinu iliyotumika katika miradi ya aina hii: wanakijiji hushiriki kuyatafiti matatizo yao, kuyachambua, kuyaundia igizo kwa kutumia ngoma na sanaa walizo nazo, kuonesha, kisha kujadili. Mjadala baada ya onyesho si nyongeza. Ndiyo sehemu inayotazamiwa kuzaa uamuzi, na uamuzi huo ndio mwisho halisi wa igizo.

Ukiitazama mbinu hii kwa jicho la sehemu zilizotangulia, utaona kwamba haikuletwa mahali patupu. Ni muundo uleule wa mwito na jibu, ila sasa jibu linadaiwa liwe tendo la kijamii. Miradi hiyo ilifaidi mazoea ya jamii ambazo hazikuhitaji kufundishwa kudakia.

6.0 Mipaka ya Ushiriki

Ingekuwa kosa kuihitimisha historia hii kwa sifa tu. Kila hatua ina mlango, na kila mlango una mlinzi wake. Katika ngano, umri na jinsia huamua nani anaweza kudakia na nani atanyamazishwa. Gazetini palikuwa na mhariri, na kabla yake palikuwa na kisomo. Katika taarab pana fedha. Katika ukumbi wa maonyesho wa jamii amekuja mlinzi mpya, yaani mfadhili. Pale mada inapofika kijijini ikiwa imekwisha kuchaguliwa mjini, na ujumbe ukiwa umekwisha kukubaliwa kabla ya utafiti, wanakijiji huitwa kushiriki katika kujibu swali ambalo hawakuliuliza. Ushiriki wa namna hiyo una mwitikio, lakini hauna jibu.

Tofauti baina ya maneno hayo mawili inafaa kuwekwa wazi. Mwitikio huthibitisha kilichokwisha semwa: fanani anaimba, hadhira inapokea kiitikio kilekile. Jibu huweza kukibadilisha: linageuza njia ya ngano, linakipindua kibwagizo, linamtaja asiyetajwa, linasahihisha mswada. Sanaa za Kiswahili zina vyote viwili, na mara nyingi la kwanza huandaa njia ya la pili. Ila kipimo cha ushiriki wa hadhira katika utunzi ni jibu. Pasipo uwezekano wa fanani kushindwa, kupingwa au kulazimika kubadilisha njia, tuna shangwe tu, hata kama ukumbi mzima unaimba.

7.0 Hitimisho

Makala hii haikudai kwamba Waswahili walitangulia kuvumbua kilichovumbuliwa New York au Brazil. Dai la nani alitangulia lina faida ndogo kitaaluma. Dai lake ni kwamba lugha hii imehifadhi, katika viambishi, viwakilishi na kaida zake, fikra ambayo kwayo kazi ya sanaa haimaliziki kabla haijajibiwa. Fikra hiyo inaonekana katika Pakawa, katika mji unaolipwa kwa kitendawili, katika vina vinavyorudishwa na katika nafsi ya pili inayosubiri mwenyewe.

Kutokana na hilo, mambo matatu yanapendekezwa. Kwanza, unukuzi wa fasihi simulizi uzihesabu sauti za hadhira kuwa matini, na uoneshe nani alisema nini na wapi, hata pale usemi usiposikika vizuri. Pili, wahariri wa diwani wachapishe mashairi ya kujibizana kama mifululizo kamili, na majina ya wajibizani yatokee penye jina la mtunzi, wala si katika maelezo ya chini. Tatu, mikusanyo ya zamani iliyo katika hifadhi za kanda isikilizwe upya kabla kanda hazijaharibika, kwa kuwa mengi yaliyoachwa na wanukuzi bado yanasikika humo.

Pendekezo la tatu ndilo lenye haraka. Bibi aliyetambia kanda ya mwandishi amekwisha kufariki, na watoto waliodakia ngano yake ni watu wazima waliotawanyika. Katika maandishi yaliyobaki, mhusika bado anaondoka kwenda mtoni na kufika sokoni, na hakuna wa kutuambia ni nani aliyemgeuza njia.